Injini Imebadilishwa, Stata Imegoma

Jioni moja mwanzoni mwa semesta hii mjomba wangu alinipigia simu. Hakuuliza habari za masomo. "Mjomba," alisema, maana sisi tunaitana hivyo hivyo pande zote mbili, "wewe si unasoma mambo ya umeme huko chuo? Njoo gereji kesho. Gari limegoma na hela imekwisha."

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110 analofanyia teksi. Sehemu ya ada yangu ambayo mkopo haufiki inatoka humo humo, kwa hiyo kila siku linayolala gereji inanihusu. Injini yake ya 5A ilikuwa imechoka, inakula oili. Akanunua nyingine ya mtumba, 5A hiyo hiyo, na fundi akaifunga kwa siku mbili. Ilipofika wakati wa kuwasha: ka! Mlio mmoja, taa za dashibodi zikafifia, basi. Fundi akasema stata imekufa. Ikanunuliwa nyingine, ikafanya vile vile. Nilipofika, mjomba alikuwa anatafuta pa kukopa anunue ya tatu.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu tuna mjomba, mama au kaka mwenye gari la mtumba, na injini zikichoka zinabadilishwa. Stata ikigoma baada ya kazi hiyo, usianze na pochi. Anza na swali hili: ni kitu gani kiliguswa wakati injini inatoka na nyingine inaingia?

Stata inafanyaje kazi

Kuna njia mbili za umeme. Ya kwanza ni ndogo: kutoka betri, inapita fyuzi, swichi ya ufunguo, wakati mwingine relei, hadi kwenye waya mwembamba uliochomekwa kwenye solenoidi ya stata. Ya pili ni nene: kutoka chanya ya betri moja kwa moja hadi kwenye stata, halafu inarudi hasi ya betri kupitia chuma cha injini na waya wa athi.

Ukizungusha ufunguo, njia ndogo inaiamsha solenoidi. Solenoidi inasukuma kijigia cha stata kikamate meno ya flaiwili, na wakati huo huo inafunga njia nene. Mota inazunguka, injini inageuka. Kwa hiyo stata haina mambo mengi. Ina mambo mengi yanayoizunguka.

Sikiliza kwanza

Kimya kabisa, hata ka! hakuna: tatizo mara nyingi liko njia ndogo. Angalia fyuzi, relei, na ule waya mwembamba, maana ni rahisi kusahaulika chini ya injini. Kama gari ni otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Giaboksi ya otomatiki ina swichi inayozuia stata gari likiwa kwenye gia. Waliobadili giaboksi pia, kutoka otomatiki kwenda manyuo, huacha nyaya za swichi hiyo zinaning'inia, na stata inabaki kimya. Mafundi huziunganisha pamoja na gari linawaka, lakini jua kwamba tangu siku hiyo linaweza kuruka mbele ukiwasha likiwa kwenye gia. Kanyaga klachi kila mara.

Ka! moja, au tiki-tiki-tiki: njia ndogo ni nzima. Umeme mwingi ndio haufiki. Betri iko chini, vichwa vya betri vimelegea, waya mnene una kutu, athi haipo, au ndani ya stata makaa yamekwisha. Inawezekana pia injini yenyewe imekwama. Weka gia huru, zungusha puli ya chini ya injini kwa spana. Ikikataa kabisa, stata haina kosa.

Vuuu, mota inazunguka lakini injini haigeuki: kijigia hakikamati meno. Linganisha stata ya injini ya zamani na hii mpya, hesabu meno, angalia urefu.

Kukwaruza: acha papo hapo. Stata haikukaa sawa, bolti zimelegea, au flaiwili si ya stata hiyo. Ukiendelea unakula meno ya flaiwili, na kuibadilisha ni kushusha giaboksi upya.

Ya kwetu ilikuwa wapi

Betri ilisomeka volti 12.5, nzuri. Puli ilizunguka kwa spana. Walikuwa wameshabusti kwa betri ya gari lingine, bila mafanikio. Nilipoinama kuangalia nyaya baada ya jaribio jingine, mkono wangu ukagusa waya wa ekseleta. Nikautoa haraka. Ulikuwa wa moto!

Waya wa ekseleta hauna kazi na umeme. Lakini injini imekaa juu ya miguu ya mpira, na mpira haupitishi umeme. Kama waya mnene wa athi kati ya injini na bodi haupo, umeme wa stata unatafuta njia nyingine yoyote ya chuma ya kurudi nyumbani. Stata ya gari kama hili inavuta ampia 100 hadi 200. Balbu ya taa kubwa ya wati 55 inavuta kama 5 tu. Ndiyo maana taa zinaweza kuwaka vizuri huku stata imelala. Piga hesabu ya sheria ya Ohm: kizuizi cha omu 0.02 tu, kwa ampia 150, kinakula volti 3.

Kuthibitisha, tuliweka gia huru na handbreki. Niliseti mita kwenye volti, ncha nyekundu kwenye chuma cha injini, nyeusi kwenye hasi ya betri, mjomba akapiga stata. Inapaswa kusoma chini ya volti 0.3. Ilisoma zaidi ya 4. Halafu nikachukua waya mmoja wa kubustia, nikaunganisha hasi ya betri na bolti ya injini. Mjomba akazungusha ufunguo, injini ikageuka mara moja na kuwaka. Walipobusti walikuwa wamebana hasi kwenye betri, si kwenye injini, ndiyo maana haikusaidia.

Waya wa athi tuliukuta umebaki umefungwa kwenye bodi, ncha ya pili imejificha chini ya trei ya betri. Tulisugua kutu na rangi kwa msasa, tukaufunga kwa bolti. Dakika kumi. Fundi alicheka kidogo, akasema, "Injinia, huu niliufungua mwenyewe." Hakukataa, na nyumba ya mita niliyoazima maabara ndiyo pekee iliyopata mkwaruzo.

Stata ya pili muuzaji hakuipokea, ilikuwa imeshafungwa. Ipo chini ya kitanda cha mjomba. Hela yake ilikuwa ya ada yangu, na nimeandika barua ya kuomba kulipa kwa awamu. Kwa hiyo kabla hamjanunua chochote nyumbani, fanyeni lile jaribio la waya mmoja: hasi ya betri hadi chuma cha injini. Ni la bure, na kama gari likiwaka, tafuteni athi.