Kijana mrefu, kiti kidogo: jinsi ya kuomba nafasi ya miguu kwenye ndege

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka 16 tulisafiri kwenda India kumpeleka mdogo wake hospitali. Tulipitia Ghuba: saa tano na zaidi angani, kusubiri uwanjani, kisha saa nyingine tatu na kidogo. Mdogo mtu alikuwa mapajani mwangu. Kaka mtu, ambaye tayari alikuwa na sentimita 191, alikaa kiti cha katikati, magoti yamekandamizwa kwenye kiti cha mbele. Tuliposhuka alichechemea, na vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba hadi alama ya soksi ikabaki kwenye ngozi.

Tulipokuwa tunaingia ndegeni nilimwomba mhudumu ambadilishie kiti. Aliniambia kwa upole kwamba ndege imejaa, na alikuwa anasema kweli. Niliomba wakati ambapo hakukuwa na kitu tena cha kugawa.

Kama wewe ni mama au mlezi wa kijana mrefu, au wewe mwenyewe ni mrefu, na huna kadi ya dhahabu ya wasafiri wa mara kwa mara, makala haya ni yako. Wenye kadi hizo huchagua viti vyenye nafasi mapema, mara nyingi bila kulipa. Sisi wengine tumebakiwa na njia tatu: kuwahi, kulipa, au kueleza hitaji la kiafya lililo la kweli.

Je, hili ni suala la afya au la starehe tu?

Ni yote mawili. Goti lililokunjwa saa nyingi bila kunyooshwa huuma, mgongo hujipinda kulifuata, na miguu inayoning'inia bila kusogezwa huvimba. Kwa watu wengi uvimbe huo huisha ndani ya siku moja au mbili.

Jambo linalowasumbua madaktari zaidi ni damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu jambo hili mwaka 2007. Yalionyesha kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi, iwe kwa ndege, basi, treni au gari, huongeza hatari hiyo takriban mara mbili. Usiogope kupita kiasi: kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000, na kwa watoto na vijana ni nadra zaidi. Lakini utafiti huo ulitaja makundi yenye hatari kubwa kuliko wengine: walio na urefu wa zaidi ya mita 1.90, walio chini ya mita 1.60, wenye uzito uliozidi, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, na wenye maradhi ya kurithi ya kuganda kwa damu. Ongeza hapo wajawazito, mama aliyejifungua ndani ya wiki sita, aliyefanyiwa upasuaji karibuni na mwenye selimundu.

Ona kwamba hata wafupi wametajwa. Mrefu hukunjwa na kiti, na mfupi hukandamizwa nyuma ya magoti na ukingo wa kiti. Wote wawili kinachowaumiza ni kukaa bila kujongea. Kwa hiyo kiti kizuri kuliko vyote ni kile kinachomruhusu mtu kunyanyuka bila kuona haya, hata kama si kile chenye sentimita nyingi zaidi. Aliyebanwa dirishani na watu wawili waliolala hatanyanyuka. Kama huwezi kupata kingine chochote, pata kiti cha upande wa njia.

Pima goti kabla ya kununua tiketi

Urefu wa mtu hausemi yote. Vijana wawili wenye sentimita 190 wanaweza kuwa na mapaja ya urefu tofauti kabisa. Mkalishe mwanao kwenye kiti kigumu, mgongo na makalio vigusane na ukuta, kisha pima kutoka ukutani hadi mbele ya goti.

Kwenye daraja la kawaida, ndege nyingi huacha sentimita 76 hadi 81 kati ya kiti na kiti, na baadhi ya mashirika ya bei nafuu huacha hata 71 au 74. Namba hiyo hupimwa kutoka sehemu moja ya kiti hadi sehemu ileile ya kiti kinachofuata, kwa hiyo ndani yake mna unene wa mgongo wa kiti. Nafasi halisi ya goti ni ndogo zaidi. Kipimo chako cha ukutani kikifika sentimita 65 au kuzidi, tarajia goti kugusa kiti cha mbele, na usikubali kiti chochote cha kupangiwa tu.

Viti vyenye nafasi, na nani haruhusiwi kuvikalia

Viti vya kwenye mlango wa dharura ndivyo vinavyotamaniwa na warefu wote, lakini mara nyingi si vya familia zetu. Anayekaa pale huenda akatakiwa kufungua mlango na kusaidia watu kutoka. Kwenye baadhi ya ndege kile kimlango cha juu ya bawa kina uzito wa zaidi ya kilo 10 na hunyanyuliwa kwa mikono. Kwa sababu hiyo mjamzito, mwenye mtoto mchanga, anayesimamia mtoto mdogo, mgonjwa na mwenye mguu usiokunjika hawaruhusiwi. Kwa sheria za Marekani anayekaa pale lazima awe ametimiza miaka 15, na mashirika mengine hutaka 16 au zaidi. Mwanangu angeweza kuruhusiwa pale kwa umri wake, mimi mwenye mtoto mapajani nisingeruhusiwa. Usimfiche mtoto wala ujauzito ili upate kiti hicho. Wahudumu wakigundua watawahamisha, na mtaangukia kiti kilichobaki.

Viti vya mbele vinavyotazamana na ukuta havina kiti mbele yake, hivyo hakuna atakayewalalia magotini. Hapo ndipo hufungwa kitanda kidogo cha mtoto mchanga kwenye safari ndefu, na mama mwenye mchanga hupewa kipaumbele. Mama mrefu mwenye mchanga, hii ndiyo bahati yako: omba kitanda cha mtoto siku ileile ya kununua tiketi, taja umri na uzito wa mtoto, maana kila shirika lina kikomo chake. Kuna kasoro mbili za kujua. Mkoba hautakaa miguuni wakati wa kuruka na kutua, kwa hiyo toa nepi na chupa mapema. Pia meza hutoka kwenye mkono wa kiti, na mkono huo haunyanyuki, jambo ambalo humbana mtu mwenye nyonga pana. Kwa mtu mwenye miguu mirefu sana ukuta wenyewe unaweza kuwa karibu mno, naye hatakuwa na pa kupitisha nyayo.

Epuka mstari wa mwisho, ambako kiti mara nyingi hakilali nyuma. Epuka pia viti vyenye kisanduku cha chuma cha vifaa vya video chini ya kiti cha mbele, kwa sababu hula nusu ya nafasi ya mguu mmoja. Ramani ya viti ya shirika husika mara nyingine huonyesha haya. Isipoonyesha, piga simu uulize.

Lini na namna gani ya kuomba

Chagua kiti siku unayonunua tiketi. Kama tiketi yako ni ya bei ya chini kabisa na kuchagua kunalipiwa, tazama kwanza ni safari gani inayostahili pesa hiyo. Kwa maoni yangu, usilipie vipande vyote viwili. Lipia kile kirefu au cha usiku, na kile cha saa tatu vumilieni kwa kutembea.

Kama hukulipa, kumbuka saa ya kufunguliwa kwa cheki-in ya mtandaoni. Kwa mashirika mengi ni kati ya saa 48 na 24 kabla ya ndege kuondoka. Ingia dakika ileile inapofunguliwa, kwani hapo viti vilivyokuwa vimezuiwa huanza kuachiliwa. Kama tiketi imeuzwa na shirika moja lakini ndege ni ya jingine, ombi liende kwa mwenye ndege. Wengi hupoteza wiki nzima wakimwandikia asiye na uwezo wa kubadilisha kitu.

Ukipiga simu au ukifika kaunta, neno "mrefu" peke yake halina uzito, kwani hakuna shirika linalolazimika kumpa mtu kiti kwa sababu ya urefu. Eleza mwili unachohitaji, na uombe kitu kinachowezekana. Unaweza kusema hivi: "Habari za asubuhi, dada. Ninasafiri na mwanangu, ana sentimita 191, goti lake halipiti kwenye kiti cha kawaida na safari iliyopita alivimba miguu. Najua huenda viti vya mbele vimekwisha. Naomba unitazamie kiti cha upande wa njia, au mstari wenye kiti kitupu katikati. Mimi niko tayari kukaa mbali naye kidogo." Hiyo sentensi ya mwisho husaidia sana, kwa sababu mfanyakazi hatafuti tena viti viwili pamoja. Kijana wa miaka 16 anaweza kukaa mistari mitano nyuma yako bila shida. Mtoto mdogo hapana.

Fika kaunta mapema, saa tatu kabla kwa safari ya kimataifa, na usalimie kabla ya kuomba. Ukiambiwa hakuna, uliza tena kwenye lango la kupandia, maana wasiotokea hujulikana pale.

Kama kuna sababu ya kitabibu

Hapa hali hubadilika, na unaweza kudai zaidi ya kuomba. Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani, kwa mfano Nairobi hadi New York, kanuni za nchi hiyo zinalitaka shirika limpe abiria ambaye mguu wake haukunjiki, au umefungwa usisogee, kiti chenye nafasi zaidi kwenye daraja alilolipia, upande unaofaa mguu huo. Wasiliana nao mapema, si chini ya saa 24 kabla. Kwa ndege zinazoondoka viwanja vya Umoja wa Ulaya, mwenye ulemavu au anayetembea kwa shida ana haki ya kusaidiwa, na shirika linatakiwa kujitahidi kumpangia kiti kinachomfaa na kumweka msaidizi wake karibu naye. Toa taarifa angalau saa 48 kabla.

Mwenye hogo la mguuni aulizie pia muda. Mara nyingi hutakiwa lipite saa 48 tangu lifungwe kabla ya safari ya zaidi ya saa mbili, kwani mguu huvimba ndani yake angani. Mjamzito abebe barua ya daktari, ambayo mashirika mengi huidai kuanzia wiki ya 28. Mwenye selimundu amwone daktari wake kabla ya kununua tiketi. Barua yoyote iseme kwa maneno mafupi hitaji lenyewe, kwa mfano "anahitaji kunyoosha mguu wa kulia". Jina la ugonjwa peke yake halimsaidii anayepanga viti.

Ukikosa kila kitu

Mweke upande wa njia, mguu unaouma ndio uwe upande wa nje, na auvute ndani kitoroli kinapopita. Mfuko wa miguuni uende juu. Kila saa anyanyuke atembee akiwa macho, na akiwa amekaa apandishe na kushusha visigino na kuzungusha vifundo. Anywe maji ya kutosha. Asimeze dawa ya usingizi, kwani itamlaza kwenye mkao mmoja saa nyingi. Usimpe aspirini kwa kujiamulia, na soksi za kubana zinunuliwe kwa kipimo cha mguu wake, maana zisizomfaa zinaweza kudhuru. Milango ikishafungwa na ukiona kiti kitupu, muulize mhudumu kabla ya kuhama.

Baada ya kushuka, miguu yote miwili iliyovimba sawasawa na kupungua kesho yake si ya kuogopesha. Mguu mmoja uliovimba, unaouma kigimbi, wenye joto au uliobadilika rangi, hata kama ni wiki mbili baada ya safari, uonwe na daktari siku hiyohiyo, naye aambiwe kuhusu ndege. Akishindwa kupumua ghafla, akipata maumivu ya kifua anapovuta pumzi, au akikohoa damu, mkimbize hospitali mara moja, usisubiri asubuhi.