Fahamu: Kwa nini mbuga za Marekani huwaka kabla nyasi hazijachipua

Kwenye mbuga tambarare za katikati ya Marekani, kuanzia Texas hadi Nebraska, miezi ya kuogopwa zaidi kwa moto ni Februari hadi Aprili. Nyasi za mwaka jana zimekufa kwa baridi, mpya bado hazijachipua. Siku chache za joto lisilo la msimu, pamoja na upepo mkavu unaoteremka kutoka milima ya Rocky, zinatosha. Nyasi nyembamba hukauka kwa muda wa saa moja tu, hata kama mvua ilinyesha jana. Na mwaka wenye mvua nyingi si nafuu, kwani ndio unaokuza nyasi zitakazowaka baadaye.

Februari 2024, moto wa Smokehouse Creek huko Texas, ulioanzia kwenye nguzo ya umeme iliyooza, uliteketeza zaidi ya hekta 400,000, ukaua watu wawili na maelfu ya ng'ombe. Upepo ulipogeuka, ubavu mrefu wa moto ukawa ndio mstari wake wa mbele. Mgeuko huo unatisha kuliko joto lenyewe.

Ukiwa na ndugu huko, mwambie: tahadhari ya bendera nyekundu, yaani onyo la hatari kubwa ya moto, ikitolewa, asichome takataka wala kuegesha gari juu ya nyasi kavu.