Mkoba Huo Unamwambia Nani?

Wako akina mama wanaoamini kwamba kijana anayenunua mkoba au saa ya bei kubwa ana tatizo moja tu: majivuno. Lakini tukitazama vijana wa nchi mbalimbali tunaona mambo hayako hivyo kila mahali.

Japani ni mfano mzuri. Kampuni ya Louis Vuitton, iliyoanzishwa Paris mwaka 1854, ilifungua maduka yake ya kwanza huko mwaka 1978. Katika miaka ya 1990 wasichana wengi wenye kazi za ofisini waliendelea kuishi kwa wazazi wao. Hawakuwa na kodi ya nyumba ya kulipa, hivyo waliweza kuweka akiba ya mkoba. Mkoba wenyewe haukumtofautisha msichana na wenzake. Ulimfanya afanane nao!

Mwaka 1998 watafiti Nancy Wong na Aaron Ahuvia waliandika kwamba katika jamii za Asia zilizolelewa katika mafundisho ya Konfusio, kitu cha anasa hubeba heshima ya jamaa nzima. Katika nchi za Magharibi, mnunuzi hueleza zaidi kwamba amekipenda yeye mwenyewe. (Sisi tunashuku kwamba hata huko majirani hutazamwa, ila watu hawapendi kusema.) Kwa hiyo, mama, kabla ya kumkaripia binti yako, muulize alitaka nani auone mkoba ule. Anayejibu, “Wenzangu wote wanao,” na anayejibu, “Nilitaka mjue nimefika,” hawana shida moja.

Mwaka 2022 benki ya Morgan Stanley ilikadiria kwamba Wakorea Kusini walitumia kama dola 325 kila mtu kwa bidhaa za anasa, kuwapita hata Wamarekani.

Karibu nasi, Kinshasa na Brazzaville, wako vijana wa Sape, ambao mwanamuziki Papa Wemba, aliyefariki mwaka 2016, aliwapa umaarufu mkubwa. Kijana wa mtaa duni huweza kutembea na viatu vya Weston kutoka Ufaransa, pengine vya kuazima. Kwao unadhifu huenda pamoja na adabu na kutopigana, na hilo tunalisifu. Lakini mke anayengoja nyumbani fedha ya unga, viatu hivyo anaviona kwa jicho jingine kabisa.