Mali bila daftari: Funzo la bingwa Joe Louis

Wahenga walituachia methali fupi yenye uzito: mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu tunaitaja tunapomsema mwenye duka asiyeandika madeni ya wateja wake. Leo ningependa kuitumia kumpima mtu ambaye hakuwahi kusifika kwa duka, bali kwa ngumi. Huyo ni Joe Louis, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa ndondi za kulipwa katika uzani mzito tangu mwaka 1937 hadi 1949.

Nimesukumwa kuandika haya na kauli ninayoisikia mara kwa mara miongoni mwa vijana wetu, na wakati mwingine, kwa masikitiko, hata miongoni mwa walimu: kwamba mtoto aliyejaliwa kipaji cha michezo hahitaji kujisumbua na hesabu. Eti miguu yake au mikono yake itamlisha. Maisha ya Joe Louis yanaijibu kauli hiyo kuliko hotuba yoyote.

Louis alizaliwa Mei 13, 1914, karibu na mji mdogo wa LaFayette katika jimbo la Alabama. Alikuwa mtoto wa saba kati ya wanane, na wazazi wake walikuwa wana wa watu waliowahi kuwa watumwa. Baba yake alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili wakati Joe angali mdogo mno kumfahamu. Mwaka 1926 familia ilihamia Detroit, mji wa viwanda vya magari, na huko kijana akafanya kazi katika kiwanda cha Ford. Mama yake, aliyetamani mwanawe ashike njia ya adabu, alimpa fedha za kujifunza kupiga fidla. Joe akazichukua zile fedha akalipia nafasi katika ukumbi wa mazoezi ya ndondi.

Pigano lake la kwanza la kulipwa lilikuwa Julai 4, 1934, mjini Chicago. Alimwangusha mpinzani wake katika raundi ya kwanza akaondoka na dola 59. Miaka mitatu baadaye, Juni 22, 1937, katika mji huo huo, alimshinda James J. Braddock katika raundi ya nane akawa bingwa wa dunia. Tangu Jack Johnson apoteze taji hilo mwaka 1915, hakuna mtu mweusi aliyekuwa amekubaliwa hata kulipigania. Mwaka mmodi baadaye, Juni 22, 1938, alikutana tena na Mjerumani Max Schmeling, aliyekuwa amemwangusha mwaka 1936. Mbele ya watu wapatao 70,000 katika uwanja wa Yankee mjini New York, Louis alimaliza kazi kwa sekunde 124. Alilitetea taji lake mara 25, rekodi ambayo hadi leo haijavunjwa katika uzani huo.

Basi fedha zilikwenda wapi?

Mapigano ya Louis yaliingiza mamilioni ya dola. Lakini msomaji asidanganyike na tarakimu za magazetini. Kati ya fungu linalotangazwa na kiasi kinachofika mfukoni mwa bondia pana msururu wa mikono. Kulikuwa na mameneja wawili, John Roxborough na Julian Black. Kulikuwa na kocha Jack Blackburn. Kulikuwa na promota Mike Jacobs, aliyeshikilia ufunguo wa kumbi kubwa za New York. Kila mmoja alikuwa na fungu lake. Louis alipopata chake, naye alikigawa kwa moyo mkunjufu. Aliirudishia serikali ya mji wa Detroit msaada ambao familia yake ilipewa wakati wa dhiki. Alianzisha mkahawa, timu ya softboli, biashara ya soda na shamba la farasi, na karibu kila mradi ulikufa. Marafiki hawakukosa.

Hapa ndipo wengi hukomea. Husema alikuwa mbadhirifu, akavuna alichopanda. Mimi sikubali kwamba hadithi inaishia hapo. Mwaka 1942, nchi yake ilipokuwa vitani, Louis alijiunga na jeshi akawa askari wa kawaida. Mwaka huo huo alipigana mara mbili, Januari na Machi, akatoa fungu lake lote kwa mifuko ya kuwasaidia wanamaji na askari wa nchi kavu. Hakubaki na senti. Hata hivyo, idara ya kodi ya Marekani ilikuja kuzihesabu fedha zile kuwa mapato yake, na kumdai kodi juu ya sadaka aliyoitoa.

Alipopigana tena na Billy Conn Juni 1946, fungu lake lilipita dola 600,000. Ungedhani ameokoka. Lakini alikuwa amekopa wakati wa vita, mameneja walikuwa na haki zao, na kodi ilikuwa ikimsubiri mlangoni. La kusikitisha zaidi ni kwamba kalamu ya kujaza karatasi za kodi hakuwa nayo yeye. Alikuwa ameiacha kwa mhasibu wa promota wake. Wakaguzi wa serikali walipopitia hesabu zile wenyewe, walitangaza kwamba bingwa anadaiwa zaidi ya dola 500,000, riba ikiwemo.

Alikuwa amestaafu Machi 1949 bila kushindwa akiwa bingwa. Deni likamrudisha ulingoni. Septemba 1950 alishindwa na Ezzard Charles kwa pointi baada ya raundi 15, kwa malipo yaliyozidi kidogo dola 100,000. Kodi ya wenye pato kubwa siku hizo ilikaribia asilimia 90 kwa sehemu ya juu ya mapato, kwa hiyo hata kiasi hicho hakikutosha kulipunguza deni. Oktoba 1951, akiwa na umri wa miaka 37, Rocky Marciano alimtupa nje ya kamba katika raundi ya nane. Baadaye Louis alijaribu mieleka ya kulipwa. Mama yake alipofariki mwaka 1953 akamwachia dola 667, idara ya kodi ilizichukua hizo nazo. Hata akiba aliyowawekea watoto wake haikusalimika.

Katika miaka ya 1960 serikali ililegeza kamba ikakubali kumtoza kulingana na pato lake la wakati huo tu. Miaka yake ya mwisho aliajiriwa na hoteli ya Caesars Palace mjini Las Vegas kuwalaki wageni. Alifariki Aprili 12, 1981, akazikwa katika makaburi ya mashujaa ya Arlington. Miongoni mwa waliosaidia kulipia mazishi yake alikuwa Max Schmeling, yule Mjerumani.

Je, lawama ni ya nani? Wapo wanaoibebesha serikali yote, nami siwapingi kwamba kutoza kodi sadaka ya vita ni ukosefu wa shukrani. Wapo wanaombebesha Louis. Lakini naomba tumtazame mtu wa tatu ambaye huwa tunamsahau: James Braddock. Naye alikuwa maskini aliyewahi kupokea msaada wa serikali wakati wa dhiki kuu ya uchumi, na akaurudisha kama Louis. Kabla ya kukubali kupigana mwaka 1937, kambi yake ilidai mkataba wa kupewa asilimia 10 ya faida za promota Jacobs kwa miaka 10, endapo Louis angetwaa taji. Braddock alipigwa na taji likaenda, lakini karatasi ilibaki. Siku ile aliyeshindwa kwa ngumi aliondoka na mkataba ambao mshindi hakuwa na mfano wake.

Hiyo ndiyo hoja yangu, wala sina nyingine. Ngumi huchuma mali, bali kalamu ndiyo huilinda. Louis hakukosa akili; mtu hatetei taji mara 25 bila akili. Alichokosa ni mazoea ya kusoma alichotia sahihi, kuuliza kilichokatwa, na kuweka kando kodi kabla ya kununua zawadi.

Nasi Wakenya tuna sababu ya kusikia. Robert Wangila, Mkenya wa pekee hadi sasa aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi, alishinda Seoul mwaka 1988 kisha akaingia ndondi za kulipwa. Alifariki Las Vegas Julai 1994 kutokana na majeraha ya pigano, akiwa na umri wa miaka 26. Maisha ya ulingoni ni mafupi, na wakati mwingine hukatika ghafla. Ndiyo maana kila shilingi ya mwanamichezo yahitaji ulinzi kuliko ya karani mwenye mshahara wa miaka 30.

Mtaala wa sasa umeipa michezo, pamoja na sanaa, mkondo wake katika sekondari ya juu. Ni hatua njema. Lakini mkondo huo usiwe kichaka cha kujificha kutoka hesabu. Mwalimu wa michezo na mwalimu wa hesabu na waketi pamoja. Mwanafunzi anayejifunza asilimia apewe mkataba wa kubuni wa bondia au mwanariadha, atoe fungu la meneja, la wakala, la kocha na la kodi, kisha aseme kilichobaki. Somo la lugha limfundishe kusoma kifungu kirefu hadi nukta ya mwisho kabla ya kutia sahihi.

Nawe mwanafunzi unayekimbia alfajiri au kuvaa glavu jioni, endelea, wala usikatishwe tamaa. Lakini ukirudi nyumbani, fungua daftari.