Njelu na Mshope: Miundo Miwili, Anguko Moja

Wanaolinganisha Wagiriki wa kale na Waajemi huanzia kwenye muundo wa utawala: huku miji inayojitawala, kule mfalme mmoja juu ya wote. Songea inao mfano wake. Wangoni waliotawala hapa katika nusu ya pili ya karne ya 19 walikuwa na dola mbili. Njelu, ya ukoo wa Gama, ilikuwa na manduna (wakuu wa vita) wenye nguvu zao, akiwemo Songea Mbano. Mshope, kaskazini, iliacha mamlaka mikononi mwa nkosi (mfalme).

Tofauti hiyo ni ya kweli, ila haielezi anguko. Linaloeleza ni kile kilichozilisha dola zote mbili, yaani mateka. Vijana waliotekwa kwa Wandendeule, Wamatengo na Wapangwa waliingizwa vikosini, kisha wakatumwa kuteka wengine. Mgawo wa mateka na ng'ombe ndio uliomfunga nduna kwa nkosi. Jeshi lilikua kwa kuvamia, na lisipovamia lilipungua. Kufikia mwisho wa karne, wazao wa Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika walikuwa wachache kati ya raia wao wenyewe, na lugha ya mababu zao ilikuwa imemezwa na lugha za mateka.

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma Songea, wakakomesha uvamizi. Nkosi akakosa cha kugawa, nduna akakosa sababu ya kutii, na mateka aliyekaa kwa hofu akakosa cha kuogopa. Ikafuata kodi. Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilipofika mwaka 1905 vilizikuta dola zilizokwisha kuoza ndani. Wandendeule wengi hawakuona kwa nini wawafie waliowateka.

Muundo uliamua tu namna ya kuanguka. Njelu ilipoteza viongozi wake kwa mkupuo: Nkosi Mputa Gama na wengine zaidi ya 60 walinyongwa na Wajerumani Songea Februari 1906. Mshope ilidumu kadiri Nkosi Chabruma alivyodumu porini, hadi alipovuka Ruvuma na kuuawa upande wa Msumbiji. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa miji ya Kigiriki, iliyoshindwa Chaeronea mwaka 338 K.K., na kwa Uajemi, uliobaki bila mfalme mwaka 330 K.K. Mshindi alikuwa mmoja, Makedonia.

Ungoni, Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.