Jeraha Limepona, Mshipa Bado

Mfanyakazi aliyevunjika mguu hana haja ya kujieleza. Anaporejea ofisini na magongo yake mawili, mlango hufunguliwa, kiti husogezwa, na hakuna anayethubutu kumtuma ghorofa ya tatu kufuata jalada. Lakini yuko mfanyakazi mwingine ambaye dhiki yake haina magongo. Huyu ni yule aliyepasuliwa mshipa wa fahamu wa mkono. Majuma machache baada ya kutoka hospitali, bandeji imeondolewa, nyuzi zimetolewa, na kovu limefunikwa na mkono wa shati. Machoni pa wenzake amekwisha kupona. Yeye mwenyewe, kila ashikapo kalamu, anajua kwamba bado.

Kati ya kile ambacho ofisi inakiona na kile ambacho mkono unakijua, ndipo yanapozaliwa manung'uniko mengi. Karani huitwa mvivu, mkuu wa idara huonekana katili, na mara nyingine mgonjwa mwenyewe, kwa kuona haya, huuharibu mkono ambao madaktari wamejitaabisha kuuokoa. Yafaa basi sote tuelewe jambo moja: ngozi na mshipa wa fahamu havifuati kalenda moja.

MSHIPA UPITAO KIWIKONI

Tuchukue mfano wa mshipa upitao nyuma ya kiwiko, upande wa ndani. Kila mtu anaufahamu hata kama hajui jina lake, kwani ndio unaokurusha kama umeme pale unapogonga kiwiko kwenye ukingo wa mlango. Baada ya ule unaobanwa kwenye kifundo cha mkono, huu ndio unaobanwa mara nyingi zaidi. Sababu yake ni maumbile. Mahali hapo mshipa hupita katika mfereji mwembamba kando ya mfupa, na hauna nyama ya kuukinga. Ukunjapo kiwiko, mshipa hunyooshwa na mfereji wake husongwa.

Mtu anayeegemea ukingo wa meza kutwa nzima, anayeshika simu sikioni kwa muda mrefu, au anayelala amekunja mkono chini ya mto, huuonea mshipa huo bila kujua. Aliyepata kuvunjika kiwiko utotoni anaweza kudhurika miaka mingi baadaye. Ugonjwa wa kisukari huifanya mishipa ya fahamu iwe rahisi kuumia. Ukoma nao hupenda kuushambulia mshipa huu huu. Kwa hiyo mwenye ganzi mkononi pamoja na baka lisilo na hisia kwenye ngozi, aende kupimwa upesi, kwani ukoma una dawa na unatibika.

Dalili huanza kwa ganzi na mchomo wa sindano katika kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete. Baadaye nguvu hupungua. Kikombe huponyoka, ufunguo hukataa kuzunguka, vidole havitanuki vizuri, na nyama ya kiganja huanza kubonyea. Hapo daktari anaweza kuamua kupasua. Ama ataufungua mfereji ili mshipa upumue, ama atauhamisha mshipa wenyewe na kuupitisha mbele ya kiwiko. Kwa hapa nchini, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ni miongoni mwa mahali panapotibiwa maradhi ya mifupa na ya mishipa ya fahamu.

KALENDA MBILI

Sasa tuzitazame hizo kalenda. Ngozi huungana upesi, na nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 hivi. Mshipa una desturi nyingine. Ikiwa ulibanwa tu na nyuzi zake za ndani hazijafa, nafuu huweza kuonekana katika siku au majuma. Lakini ikiwa nyuzi hizo zimekufa, hazina budi kuota upya kutoka pale zilipoumia, nazo huota kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku.

Piga hesabu, ndugu msomaji. Kutoka kiwikoni mpaka kwenye misuli midogo ya kiganja cha mtu mzima ni kiasi cha sentimita 30, yaani milimita 300. Huo ni mwendo wa siku 300, karibu miezi kumi. Na kama mshipa ulikaa umebanwa miaka mingi kabla ya kupasuliwa, huenda nguvu zisirudi zote. Ndiyo maana wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

Dalili moja huwatisha wengi pasipo sababu. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, madaktari wawili wa nchi zilizokuwa zikipigana, Jules Tinel wa Ufaransa na Paul Hoffmann wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walieleza jambo lile lile. Ukigongagonga kwa kidole juu ya mshipa unaoota, mgonjwa husikia mchonyoto unaoteremka kuelekea vidoleni. Kadiri majuma yanavyopita, mahali panapochonyota husogea mbele. Mchonyoto wa namna hiyo ni habari njema, maana ni alama ya mshipa ulio safarini. Habari mbaya ni jeraha kuwa jekundu, kuvimba au kutoa usaha, homa, maumivu yanayozidi, au udhaifu ambao haukuwapo kabla. Ukiyaona hayo, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

SIKU YA KWANZA MEZANI

Ni lini basi mtu arudi ofisini? Aliyefunguliwa mfereji tu, na ambaye kazi yake ni ya kukaa, mara nyingi huweza kurudi baada ya majuma mawili au matatu. Aliyehamishiwa mshipa huhitaji muda zaidi, pengine mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, kwa sababu kiwiko chake huenda kikatulizwa kwanza. Neno la mwisho ni la daktari aliyekupasua.

Mwombe daktari huyo akuandikie cheti kinachosema kweli. Maneno "apewe kazi nyepesi" hayatoshi, kwani kila mkuu wa idara ana mizani yake ya wepesi. Afadhali cheti kitaje: asinyanyue kitu kizito kwa mkono huo hadi tarehe fulani, asipige chapa mfululizo kupita dakika kadhaa, aruhusiwe kwenda kwenye mazoezi ya viungo siku fulani za juma. Cheti cha namna hiyo humlinda mgonjwa, na pia humwondolea mkuu wake kazi ya kukisia.

Meza nayo itengenezwe. Kiti kiinuliwe ili kiwiko kifunguke kidogo kuliko pembe ya mraba. Ukingo wa meza ufunikwe kwa kitambaa kilichokunjwa, au, bora zaidi, kiwiko kisiuguse kabisa. Simu ishikwe kwa mkono mwingine. Majalada yanayotumiwa kila saa yaletwe karibu, yasibaki rafu ya juu. Mhuri, stepla na mashine ya kutobolea karatasi vihamie upande wa mkono mzima. Kila baada ya dakika 20 au 30, simama, nyoosha mkono, fumba na fumbua vidole.

Wazee wa mashine za chapa wanakumbuka kwamba taipureta ilitaka vidole vyenye nguvu, lakini pia ilimlazimisha mtu kupumzika, maana kulikuwa na karatasi ya kubadili na mstari wa kurudisha. Kompyuta inabonyezwa kwa wepesi, ila haikuambii usimame. Na kwa Mswahili liko jambo jingine. Katika upigaji chapa wa vidole vyote, herufi "a" hubonyezwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na hakuna herufi inayotokea mara nyingi kuliko hiyo katika lugha yetu. Andika kazi, haki, barua, mshahara, uone. Mpiga chapa aliyepasuliwa kiwiko cha kushoto hukutana na udhaifu wake karibu katika kila neno. Akichelewesha barua, usiseme amesahau kazi.

SHERIA NA UTU

Mfanyakazi asirudi kabla ya wakati kwa kuogopa tu kupoteza ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara, mradi pawepo cheti cha daktari anayetambuliwa. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 nazo zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya afya, azungumze naye na atazame kama ipo njia nyingine, ikiwamo kumbadilishia kazi. Na ikithibitika kwamba maradhi yametokana na kazi yenyewe, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Uliza tawi la chama chako cha wafanyakazi. Hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Lakini sheria haiwezi kumfundisha mtu namna ya kumtazama mwenzake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea ubwana na dharau ya viongozi kwa wale wanaowaongoza. Onyo hilo halijachakaa. Mkuu wa idara anayemwita karani wake faraghani na kumwuliza, "Ndugu, mkono unaweza nini na hauwezi nini?", atapata kazi nyingi zaidi kuliko yule anayemkejeli mbele ya wenzake.

NYUMBANI NA NJIANI

Mkono hauuguzwi ofisini peke yake. Asubuhi kwenye daladala, shika bomba kwa mkono mzima, na ikiwezekana ondoka mapema ili upate kiti. Usiku, zungushia taulo kiwikoni ili usiukunje mkono usingizini, ikiwa daktari hajakupa kifaa cha kuunyoosha.

Jikoni pana hatari iliyojificha, kwa maana mkono wenye ganzi haujui moto. Kidole cha mwisho kinaweza kuegemea sufuria na kuungua pasipo mwenyewe kuhisi. Kusonga ugali, kukuna nazi, kukamua nguo na kubeba ndoo ni kazi za kushika kwa nguvu, na kwa muda huo zigawiwe wengine nyumbani, wake kwa waume, wasichana kwa wavulana. Mume asingoje kuombwa. Watoto nao waelezwe kwamba mama au baba hajawa mvivu, mkono wake unaota upya, na unaota milimita moja kila siku.

Nawe uliyepasuliwa, usione haya kusema "hili bado siliwezi". Usikae pia na mkono kifuani kama mayai, kwani kiungo kisichotumika hukakamaa. Fanya mazoezi uliyofundishwa, kila siku, bila pupa wala uzembe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na katika ofisi yoyote, mfanyakazi anayengojea kidole chake kirudi anahitaji vidole vya wenzake kwa kitambo. Tumpe kitambo hicho, kwa kuwa kesho kiwiko kitakachobanwa huenda kikawa chetu.