Kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah: Umbali na Saa za Angani

Kila msimu wa hija unapokaribia, swali hili husikika majumbani: Jeddah ni mbali kiasi gani, na babu atakaa angani saa ngapi? Ndugu mwanafunzi, jibu unaweza kulipata mwenyewe kwa atlasi na kalamu.

Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, upo karibu digrii 6.9 kusini mwa Ikweta. Uwanja wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, upo karibu digrii 21.7 kaskazini. Sasa tazama longitudo: vyote viwili vipo kwenye digrii 39.2 mashariki! Yaani Jeddah ipo kaskazini yetu moja kwa moja, na Makka ipo pembeni yake tu. Ndiyo sababu mtu wa Dar es Salaam akiswali huelekea kaskazini, na ndege ya mahujaji huruka takriban upande uleule wa kibla.

Kwa kuwa viwanja vipo kwenye mstari mmoja, hesabu ni nyepesi. Jumlisha 6.9 na 21.7, upate digrii 28.6. Kila digrii ya latitudo ni maili 60 za baharini, na kila maili ya baharini ni kilomita 1.852. Ukizidisha utapata karibu kilomita 3,180. Dunia si tufe kamili, hivyo umbali halisi hupungua kidogo, tuchukue 3,170.

Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani huenda kama kilomita 850 kwa saa. Gawanya, utapata chini ya saa nne. Lakini usimwambie babu hivyo! Ndege hutambaa kwanza uwanjani, hupanda taratibu, hufuata njia za anga zilizopangwa, na hupunguza mwendo mapema kabla ya kutua. Saa nne na nusu ndiyo makadirio ya haki. Saa za Tanzania na Saudi Arabia ni sawa, kwa hiyo akiondoka saa nne asubuhi, atatua kwenye saa nane na nusu mchana, bila kugusa saa yake ya mkononi.

Hayo ni kwa ndege isiyotua njiani. Wanaopitia Addis Ababa hawaongezi umbali wowote wa maana, kwa kuwa mji huo nao upo karibu na mstari uleule. Kinachoongezeka ni saa za kusubiri. Kupitia Dubai ni jambo jingine: karibu kilomita 3,980 kwenda huko, kisha 1,700 kurudi magharibi. Hapo saa ya ukutani nayo hudanganya, maana Dubai ipo mbele yetu kwa saa moja.

Kwa hujaji hesabu hii ina uzito. Kwa mwendo ule, dakika kumi ni zaidi ya kilomita 140, na mikati hupitwa ndege ikiwa bado angani. Anayengoja tangazo la rubani ndipo atafute ihramu kwenye mkoba, huku foleni ya chooni ni ndefu, huenda akachelewa. Wengi huvaa shuka zao kabla ya kupanda, wakabakiza nia na talbia. Waelekezi wengi wa huku kwetu hutaja Yalamlam. Anayetokea Dubai huja kwa upande wa Qarn al-Manazil, basi na amuulize kiongozi wa msafara wake kabla ya kuondoka.